Masafa, Marudio na Kipindi: Msamiati wa Mitetemo na Mawimbi

Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa tafsiri ya mwongozo mfupi wa matumizi ya mashine ya altrasaundi, niihariri kabla haijachapwa. Ukurasa wa nne ulisema kwamba masafa makubwa hufaa kwa viungo vilivyo karibu na ngozi, na masafa madogo kwa viungo vilivyo ndani, kama ini na mji wa mimba. Ukurasa wa saba ulisema kwamba masafa marefu hupenya ndani zaidi kuliko masafa mafupi. Nilizisoma kurasa hizo mara tatu. Mhudumu aliyefuata ukurasa wa nne angechagua masafa madogo ili aone mtoto tumboni. Aliyefuata ukurasa wa saba angechagua masafa marefu. Nilikuwa karibu kuikata sentensi mojawapo nilipotambua kwamba zote mbili ni kweli. Mtafsiri alikuwa ametumia neno moja kwa vitu viwili ambavyo, kimoja kikiongezeka, kingine hupungua.

Makala haya yanaeleza vitu hivyo viwili pamoja na jamaa zake: mtetemo, kipindi, marudio, urefu wa wimbi. Ni maneno ambayo mwanafunzi, mwalimu na mfasiri hukutana nayo kila wanapogusa sauti, mwanga, redio au matetemeko ya ardhi. Mengi ni maneno ya kawaida ya Kiswahili yaliyopewa kazi ya pili, na maana ya kwanza haikuondoka kwa sababu tu ya pili imeingia.

Vitenzi vya kwenda na kurudi

Tuanze na jambo linaloweza kuhisiwa kwa vidole. Weka ncha za vidole kooni, utamke s kwa kuivuta, kisha z. Katika s koo limetulia. Katika z utahisi kitu kikitetema. Kinachotetema ni nyuzisauti, na ndicho kinachotenganisha konsonanti tunazoziita sighuna na zile tunazoziita ghuna. Tofauti kati ya fua na vua, au kati ya saa na zaa, haina msingi mwingine: mdomo na ulimi hukaa mahali palepale, ila katika neno moja nyuzisauti zimetulia na katika jingine zinatetema. Katika sauti ya kawaida ya mwanamume mtu mzima huweza kutetema takriban mara 120 kwa sekunde, na katika ya mwanamke takriban mara 200. Msemaji wa Kiswahili hutegemea mtetemo ili aeleweke, hata kama hakuwahi kuingia darasa la fizikia.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya harakati inayojirudia, na kila kimoja kina tabia yake. Kutetema, na kutetemeka kunakotokana nako, ni harakati ndogo, ya haraka, isiyokihamisha kitu kutoka mahali pake. Mtu hutetemeka kwa baridi, ardhi hutetemeka, uzi wa gambusi hutetema. Kutikisa huhitaji mwenye kutikisa. Mtu hutikisa mti ili embe zidondoke, au chupa ya dawa kabla ya kumimina, na mtikisiko huweza kuwa mmoja tu na ukaisha. Ndiyo maana magazeti husema mtikisiko wa uchumi, wala hayasemi mtetemo wa uchumi. Kubembea ni kwa kitu kilichoning'inia. Kuyumba kuna hatari ndani yake: chombo kinachoyumba huenda kisirudi wima, na serikali inayoyumba vilevile. Tuna pia kuwayawaya, kusukasuka na kuyumbayumba, ambamo umbo lenyewe la neno linarudi mara mbili kama harakati inayoelezwa. Uradidi wa namna hiyo ni njia ya zamani ya lugha ya kusema kwamba jambo halikutokea mara moja.

Kwa matumizi ya kitaaluma napendekeza mtetemo liwe jina la jumla la harakati yoyote ya kwenda na kurudi kando ya mahali pa utulivu, mbembeo liwekwe kwa vitu vinavyoning'inia, na mtikisiko libaki kwa msukumo unaotoka nje. Anayeandika kwamba uzi wa gitaa una mtikisiko wa mara 440 kwa sekunde ataeleweka, ila atakuwa amemfanya msomaji amtafute mtu anayeutikisa.

Sahili si rahisi

Miongoni mwa mitetemo yote, fizikia hupenda kuanza na mmoja unaoitwa mwendo sahili wa kiharmoniki. Katika madaftari ya wanafunzi nimeukuta kama mwendo rahisi, na mara moja, kwa kuteleza kwa herufi, kama mwendo sahihi. Rahisi ni kisicho na ugumu, au kisicho na bei kubwa. Sahili, katika matumizi ya kitaaluma, ni kisichochanganyika na kingine. Wanaisimu hulitumia hivyo wanaposema sentensi sahili: sentensi hiyo huweza kuwa ngumu kueleweka, lakini ina kishazi kimoja tu. Mwendo sahili nao una kipindi kimoja tu, na mitetemo mingine mingi, ukiwemo ule wa sauti ya mtu, inaweza kutazamwa kama miendo sahili kadhaa iliyojumlishwa.

Maana yake ni hii. Ning'iniza jiwe dogo kwenye springi, au kamani kama mafundi wengine wanavyoiita, ulivute chini kidogo na kuliachia. Springi hulivuta lirudi mahali pake pa utulivu. Ukilivuta mara mbili zaidi, kani ya kulirudisha nayo huwa mara mbili; Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni hiyo mwaka 1678. Jiwe likifika mahali pa utulivu halisimami, maana limekwisha kushika kasi. Hupita, hupunguza mwendo upande wa pili, husimama kitambo kidogo kisichopimika, kisha hurudi. Popote ambapo kani inayorudisha huwiana na umbali kutoka mahali pa utulivu, na huelekea hapohapo, mwendo utakaotokea ni sahili. Nimesema kani, si nguvu, kwa sababu nguvu katika mazungumzo hubeba mambo mengi mno: misuli, umeme, mamlaka, hata dawa. Kani ni neno jembamba zaidi, na wembamba huo ndio tunaouhitaji.

Sifa ya mwendo huu inayosahaulika kwa urahisi ni kwamba kasi yake si moja. Ni kubwa kabisa katikati na hufifia kwenye ncha. Wavuvi wa mwambao wanaijua sifa hiyo bila ya kuiita jina. Maji ya bahari hujaa na kupwa kwa mwendo unaokaribiana na mwendo sahili, na mzunguko mmoja huchukua takriban saa 12 na dakika 25. Tuchukulie siku ya bamvua ambapo tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa ni mita 3.6. Ungedhani maji yatapanda sentimita 60 kila saa kwa saa sita. Hayafanyi hivyo. Mabaharia hugawa tofauti hiyo mafungu 12: saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, saa ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa mfano wetu, saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, ilhali saa ya tatu na ya nne ni sentimita 90 kila moja. Anayeokota chaza kwenye mwamba, akiona maji yamepanda kidogo tu katika saa ya kwanza, akadhani saa ya tatu itakuwa vivyo hivyo, hurudi pwani akiogelea. Siku za maji mafu mafungu ni yaleyale 12, ila kila fungu ni dogo.

Hapo tumekwisha kugusa tofauti nyingine inayowachanganya wengi. Kimo cha wimbi kwa mvuvi ni kutoka bondeni hadi kileleni. Kipimo ambacho vitabu vya fizikia hukiita amplitudi ni kutoka mahali pa utulivu hadi kileleni, yaani nusu yake. Maji ya mfano wetu yana amplitudi ya mita 1.8, wala si 3.6. Mfasiri anayeandika kimo cha wimbi pale palipo na amplitudi huwa ameizidisha hesabu kwa mbili bila ya kujua.

Kipindi na marudio yake

Muda ambao kitu hutumia kwenda, kurudi na kufika kilipoanzia, kikiwa kinaelekea upande uleule, ni kipindi. Fundi mwashi akiiacha timazi yake ibembee polepole, kipindi kitategemea urefu wa uzi na kani ya uvutano ya dunia. Uzito wa timazi hauongezi wala haupunguzi kitu, mradi mbembeo uwe mdogo. Uzi wa mita moja hutoa kipindi cha takriban sekunde mbili. Uzi wa sentimita 25 hutoa sekunde moja. Urefu umepunguzwa hadi robo, kipindi kimepungua hadi nusu. Ni jaribio linalohitaji uzi, jiwe na saa ya simu tu, na ni zuri kwa shule isiyo na maabara. Kutokana na tabia hiyo ya kutunza muda, Mholanzi Christiaan Huygens alibuni saa ya timazi mnamo 1656.

Marudio ni hesabu ya vipindi vinavyokamilika katika sekunde moja. Hupimwa kwa hertz, kwa heshima ya mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz, ambaye majaribio yake ya miaka ya 1886 hadi 1888 yalithibitisha kuwako kwa mawimbi ya redio. Uhusiano ni mwepesi: moja ikigawanywa kwa marudio hutoa kipindi. Tazama kibandiko cha pasi au cha friji iliyonunuliwa Tanzania au Kenya, utaona 50 Hz. Umeme wa nyumbani hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Kipindi chake ni sekunde 0.02.

Tatizo ni kwamba maneno haya mawili tayari yalikuwa na ajira. Msikilizaji wa redio akisikia marudio ya kipindi anajua kwamba mazungumzo ya jana usiku yanarushwa tena asubuhi. Mwanafunzi akisikia kipindi anafikiria ratiba: kipindi cha kwanza Hisabati, cha pili Jiografia. Mwalimu anayeandika ubaoni «tafuta marudio kutokana na kipindi» ameandika sentensi sahihi kabisa ya fizikia ambayo, nje ya darasa, ingemtuma mtu kwenye kituo cha redio. Sioni kwamba hilo ni sababu ya kuyakataa maneno hayo. Neno kazi linafanya mambo zaidi ya hayo, na hatujalitupa. Ila mwalimu afanye hisani ya kulitambulisha neno siku ya kwanza, aseme waziwazi kwamba hapa kipindi ni muda wa mzunguko mmoja na marudio ni idadi ya mizunguko kwa sekunde, ndipo aendelee. Wengine huandika frikwensi ili kuepuka utata. Naikubali, hasa katika maandishi ya uhandisi, ingawa haimwambii kitu mtoto anayekutana nayo mara ya kwanza, ilhali marudio humpa nusu ya maelezo kabla hajafundishwa.

Masafa

Sasa tunarudi kwenye neno lililoniletea taabu. Masafa limetoka Kiarabu, ambako maana yake ni umbali. Maana hiyo ingali hai katika Kiswahili: mbio za masafa marefu, makombora ya masafa marefu, elimu masafa. Redio ilipoingia na mawimbi yake yakahitaji majina, umbali uliohusika ulikuwa ule wa kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kilele kinachofuata. Ndipo tukapata masafa mafupi na masafa ya kati. Jina hilo lilikuwa barabara kabisa. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza kutangaza kutoka London mwaka 1957, wasikilizaji wa Afrika Mashariki waliitafuta kwenye masafa mafupi, na redio za enzi hizo zilikuwa na kioo chenye namba kama 19, 25, 31 na 49. Namba hizo ni mita. Ni urefu wa wimbi, yaani umbali.

Hata wakati huo, hata hivyo, neno lilikuwa na mtego. Masafa mafupi ndiyo yaliyoleta sauti kutoka mbali zaidi. Mawimbi yenye urefu wa kati ya mita 10 na 100 hupanda angani, yakarudishwa na tabaka la juu la angahewa liitwalo ionosfia, yakashuka maelfu ya kilomita kutoka yalikoanzia. Kwa hiyo mtu aliyekaa Tabora au Lamu alisikia habari za London kwa masafa mafupi, na mtoto wake, ambaye shuleni amefundishwa kwamba masafa ni umbali, alikuwa na haki ya kuuliza ufupi huo uko wapi. Jibu ni kwamba kuna umbali wa aina mbili: ule ambao wimbi linasafiri, na ule uliomo ndani ya wimbi lenyewe. Tungo masafa mafupi huhusu ule wa pili.

Baadaye namba kwenye vioo vya redio zilibadilika. Badala ya mita zikaja kilohertz na megahertz, ambazo ni vipimo vya marudio. Neno lililotajwa kando ya namba halikubadilika. Mtangazaji aliyekuwa akisema masafa kisha mita sasa anasema masafa kisha megahertz, na kwa kuwa msikilizaji alichohitaji ni namba ya kuzungushia kitufe, hakuna aliyelalamika. Hivyo ndivyo ninavyodhani maana ilivyohama: kwa ujirani. Leo mamlaka za mawasiliano hugawa masafa na kutoza ada za masafa, na kinachogawiwa ni marudio. Matumizi hayo yameshika mizizi na sishauri mtu apigane nayo.

Lakini hebu tuangalie matokeo. Kasi ya wimbi ni sawa na marudio yakizidishwa kwa urefu wa wimbi. Mawimbi yote ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo marudio yakipanda, urefu wa wimbi hauna budi kushuka. Masafa ya kati, yanayoanzia kilohertz 531 hadi 1,602, yana mawimbi ya takriban mita 565 hadi 187. Megahertz 6 ni mita 50. Redio za FM, zilizo kati ya megahertz 88 na 108, zina mawimbi ya mita tatu hivi. Ni mafupi zaidi kuliko hayo yaitwayo masafa mafupi, na hakuna anayeyaita hivyo. Ufupi wa masafa mafupi ni wa kulinganishwa na mawimbi ya mamia na maelfu ya mita yaliyotumika redio ilipokuwa changa. Jina liliwahi, FM ikachelewa. Tena, mawimbi ya FM kwa kawaida hayarudishwi na ionosfia. Hupita moja kwa moja, ndiyo maana kituo cha FM hupotea gari likishavuka milima.

Tukitumia masafa kwa maana ya umbali, FM ni ya masafa mafupi sana. Tukilitumia kwa maana ya marudio, FM ni ya masafa makubwa sana. Na tukilitumia kwa maana ya mahali sauti inapofika, tunarudi kwenye mafupi, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Sifa inayofuata neno ndiyo inayoamua: marefu na mafupi huvuta upande wa umbali, makubwa na madogo huvuta upande wa hesabu, na juu na chini huelea kati yake. Msomaji makini anaweza kubahatisha maana kwa kuangalia sifa. Mwongozo wa mashine ya hospitali haupaswi kumtaka mtu abahatishe.

Ushauri wangu kwa wafasiri ni wa aina mbili, kulingana na aina ya matini. Katika habari, sheria na matangazo ya redio, masafa liachwe kwa maana ambayo umma umeizoea. Katika sayansi, tiba na mafundisho, liondolewe kabisa. Patumike marudio kwa kimoja na urefu wa wimbi kwa kingine. Tungo masafa mafupi ibaki kama jina la pekee la huduma ya redio, kama vile tunavyosema Bahari ya Shamu bila ya kuichambua.

Kubwa, juu, nyembamba

Katika sauti, mkanganyiko unahusu amplitudi na marudio. Alizungumza kwa sauti ya juu, katika Kiswahili cha kila siku, maana yake ni kwamba alisikika mbali: amplitudi kubwa. Mwalimu wa kwaya akisema mmeimba juu mno, anahusisha marudio. Sisi wanaisimu hujikinga kwa neno kidatu, yaani jinsi sikio linavyopokea wingi wa marudio ya nyuzisauti, na twaliacha neno juu kwa wengine. Ila lugha ya kawaida ilikwisha kupata suluhisho kabla yetu. Waswahili husema sauti nyembamba na sauti nene au nzito, na maneno hayo hayahusu ukelele. Mtu huweza kunong'ona kwa sauti nene na kupiga mayowe kwa sauti nyembamba. Ningependa kuyaona zaidi katika vitabu vya shule.

Mpiga ngoma anazijua nyuzi zote mbili za jambo hili. Ngozi ikilegea kwa unyevu huipasha moto ili ikaze, na mlio hupanda, yaani marudio huongezeka. Akiipiga kwa nguvu zaidi bila ya kuipasha, mlio huwa mkubwa zaidi, ila kidatu hakibadiliki sana. Kuwamba na kupiga ni vitenzi viwili, na fizikia yake ni mbili.

Neno mwangwi nalo linahitaji ulinzi. Mwangwi ni sauti iliyogonga kitu, ikarudi. Ukuta ukiwa mita 17 kutoka kwako, sauti, inayosafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, itarudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nimeliona likitumika kwa jambo jingine: pale kitu kinapotetema kwa nguvu kwa sababu kimesukumwa kwa marudio yaleyale yaliyo ya asili yake. Mtoto kwenye bembea hupanda juu zaidi akisukumwa kila anapoanza kurudi mbele, na msukumo mdogo kwa wakati wake hushinda msukumo mkubwa usio na mpangilio. Kibuyu cha zeze huikuza sauti ya uzi kwa njia hiyohiyo. Hapo hakuna kitu kilichogonga na kurudi. Wengine huandika resonansi. Nami sijapata neno la Kiswahili linalonituliza, basi kwa sasa naiandika hivyo na kuieleza.

Wimbi lenyewe lina kasoro moja tu, na imetoka kwenye habari: wimbi la wizi, wimbi la wahamiaji, wimbi la pili la ugonjwa. Katika tungo hizo kitu kinafika. Katika fizikia ya wimbi, kinachofika ni nishati. Maji yenyewe hubaki takriban palepale. Mwenye shaka atazame ngalawa iliyotia nanga mbali na fungu. Mawimbi hupita chini yake asubuhi nzima, nayo hupanda na kushuka, lakini haisukumwi kwenda ufukweni na kila wimbi linalopita.

Nirudi kwenye mwongozo. Sauti husafiri katika tishu za mwili takriban mita 1,540 kwa sekunde. Kwa marudio ya megahertz 3.5, urefu wa wimbi ni takriban milimita 0.44, hupenya ndani, na picha hukosa ukali kidogo. Kwa megahertz 10 ni takriban milimita 0.15, picha huwa kali, ila tishu huimeza sauti kabla haijafika mbali. Niliandika marudio kwenye ukurasa wa nne na urefu wa wimbi kwenye ukurasa wa saba, nikairudisha kazi. Baada ya siku mbili mtafsiri aliniandikia: «Dakta, shikamoo. Je, mhudumu akisoma marudio makubwa, hatadhani anaambiwa arudie kipimo mara nyingi?» Lilikuwa swali la haki. Nilimjibu aweke idadi ya megahertz kando ya kila marudio, katika kila ukurasa, bila ya kuacha hata mahali pamoja.